Tunda Liitwalo Kiasi

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Masomo: 1 Wakorintho 9:24-27; Wagalatia 5:22-23)

Popote ulipo asubuhi hii, ukikama ng'ombe, ukingoja gari stendi ya Meru, au ukiwa bado kitandani ukijiuliza kama utaamka, karibu tuketi pamoja kwa dakika hizi chache. Kama Biblia iko karibu, fungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 9, kuanzia aya ya 24.

Hapo Mtume Paulo anazungumza habari za mashindano ya mbio. Wakorintho walimwelewa mara moja, maana karibu na mji wao kulikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Majani tu, ndugu zangu, ambayo baada ya siku chache yalikuwa yamenyauka. Paulo anawaambia kwamba kwa ajili ya taji kama hilo mkimbiaji hujizuia katika mambo yote. Je, sisi tunaongoja taji lisiloharibika, tufanyeje?

Sisi watu wa upande huu wa Mlima Kenya hatuhitaji kusafiri mpaka Korintho ili tuelewe. Kuanzia miaka ya 1980, timu ya taifa ya mbio za nyika ilikuwa ikipiga kambi huko Kigari, juu ya mji wa Embu, katika chuo cha walimu cha St. Mark's, kabla ya kwenda mashindano ya dunia. Mnajua yaliyotokea. Tangu mwaka 1986 mpaka 2003, timu ya wanaume ya Kenya ilishinda mara 18 mfululizo. John Ngugi peke yake alishinda mara tano: mwaka 1986, 1987, 1988, 1989, na tena 1992.

Ulimwengu uliwaona vijana hao wakipokea medali. Lakini mwenyeji wa Kigari aliwaona alfajiri, katika baridi na ukungu, wakipanda vilima ambavyo wewe na mimi tungevipanda kwa gari. Walikimbia asubuhi, wakakimbia tena baadaye. Walikula kwa saa yake, wakalala mapema. Mbio zenyewe zilikuwa za kilomita kama 12, nazo zilikwisha kabla ya saa moja kutimia. Ushindi ulikuwa umekwisha kupatikana Kigari, wiki nyingi kabla, mahali ambapo hapakuwa na wa kupiga makofi.

Sasa fungua Wagalatia mlango wa 5. Paulo anataja tunda la Roho, akianza na upendo, na mwisho kabisa anataja kiasi. Neno hilo halikutoka mbali. Liko jikoni kwako. Binti anapika, anauliza, "Mama, nitie chumvi kiasi gani?" Mama hamwambii asitie, maana chakula kisicho na chumvi hakiliki. Wala hamwambii amwage mkebe wote. Kiasi ni kujua pa kuanzia na pa kukomea, na kukomea hapo hata kama mkono bado unataka kuendelea.

Nami leo nataka kusema ukweli juu yangu mwenyewe. Nimehubiri miaka mingi dhidi ya ulevi. Mnamo Mei 2014, pombe yenye sumu ilipoua watu wengi Embu na kaunti nyingine, na wengine wakapofuka macho, nilisimama makaburini nikasema maneno makali. Ile sumu ni spiriti isiyofaa kunywewa, nayo hushambulia macho na kukatiza uhai. Ilikuwa haki kusema, na bado ni haki.

Lakini baada ya mazishi nilikuwa nikienda kuketi meza ya wahubiri. Chai vijiko vinne vya sukari. Chapati, nyama ya mafuta, soda. "Mhubiri, ongeza!" Nami naongeza. Jumapili nilitembelea nyumba tatu, na kila nyumba kulikuwa na chai, nami nilidhani kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Kumbe heshima ilikuwa kisingizio. Tumbo ndilo lililokuwa likisema.

Siku moja miguu ilikufa ganzi, nikaenda hospitalini. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu, alipima sukari, akapima presha, akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Mzee, kazi yako ni gani?" Nikamjibu, "Nahubiri." Akasema, "Basi neno kiasi unalijua kuliko mimi." Hakucheka, wala mimi sikucheka.

Njiani kurudi nyumbani niliona jambo lililonitisha kuliko ugonjwa. Sala zangu za asubuhi zilikuwa zimekufa zamani. Nilikula usiku sana, nikalala nimechelewa, nikaamka nimechoka. Biblia niliifungua ili nitafute mahubiri ya watu wengine, si ili nilishwe mimi. Mbuzi akishazoea kuruka ua wa shamba moja, hata la pili ataruka. Mtu asiyeweza kuliambia tumbo lake "basi", hawezi pia kuuambia usingizi "basi", wala ulimi, wala hasira.

Msikilizaji wa Maua au Laare pengine anasema, "Amepita miraa kimya kimya." La, sijapita. Najua miraa imelipa karo za watoto wengi wa Igembe na Tigania, na sadaka yake imeezeka makanisa. Sikuja kumhukumu mkulima. Namwuliza yule anayetafuna: kati yako na kile kitita, bwana ni nani? Miraa huondoa usingizi na hamu ya chakula. Usiku unakuwa mchana, na asubuhi mwenye nyumba amelala. Nani atachuma chai? Nani ataomba na watoto kabla hawajaenda shule? Katika mlango wa 6 wa waraka ule ule, Paulo anasema hatakubali kutawaliwa na kitu chochote, hata kilicho halali. Pima hapo. Chochote usichoweza kukiacha kwa wiki moja, kimeanza kukutawala. Kwa mwingine ni miraa, kwa mwingine ni sigara, kwa mwingine ni simu mkononi mpaka usiku wa manane. Kwangu mimi ilikuwa sukari.

Basi, tufanye nini? Wale wakimbiaji wa Kigari watufundishe mambo mawili.

Kwanza, walikuwa na saa. Hawakungoja wajisikie. Mimi na mama watoto tulipatana: kuamka saa kumi na moja, robo saa ya Neno na maombi kabla ya kushika jambo lolote, kisha kutembea kwa miguu kama nusu saa. Chai ilitoka vijiko vinne ikaja viwili, halafu kimoja, sasa hakuna. Uji wa wimbi na nduma, vyakula tulivyoviacha tukiviona vya kizamani, vimerudi mezani, navyo pia kwa kiasi. Chumvi, wataalamu wa afya wanatuambia isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai katika chakula chote cha mtu mmoja. Na dawa nazimeza kila siku kama nilivyoagizwa. Kumeza dawa si ukosefu wa imani. Tena, ndugu yangu mwenye sukari, usifunge kula kabla ya kumwuliza daktari. Unaweza kufunga maneno mabaya, na Mungu ataona.

Pili, walikimbia pamoja. Kambi ilikuwa na maana: aliyetaka kubaki kitandani, mwenzake alimwita. Ndugu wa Uamsho, ule ulioanza Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, walilijua jambo hili. Waliketi pamoja wakaambiana makosa yao waziwazi, wakiita kutembea katika nuru. Siri ndiyo chakula cha tabia mbaya. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, umwambie, "Hapa ndipo ninapoanguka. Niulize kila Jumamosi."

Krismasi ya mwaka ule nilianguka. Nilikula kama zamani, na siku mbili sikuomba. Shetani aliniambia, "Unaona? Rudi kwenye vijiko vinne." Lakini ndugu yangu aliniuliza Jumamosi, nikamwambia ukweli, tukaomba, na kesho yake saa kumi na moja nikaamka. Mkimbiaji aliyejikwaa hulala chini akisubiri mbio nyingine? La. Huinuka akiwa na matope yake na kuendelea.

Lakini tusisahau neno moja, wapendwa. Paulo anaita kiasi tunda. Hatujizuii ili Mungu atupende. Alitupenda tukiwa tumeshiba uovu. Mkulima yeyote wa kahawa, Imenti au Runyenjes, anajua kwamba yeye hawezi kutengeneza punje moja ya kahawa kwa mikono yake. Lakini pia anajua kwamba mti usiopogolewa huota majani mengi na kahawa kidogo. Kuzaa ni kazi ya Mungu. Kushika panga la kupogolea na kukubali tawi likatwe, hiyo ni sehemu yetu.

Tawi gani lahitaji kukatwa kwako leo? Usichukue matawi kumi. Chukua moja, lipe saa, mwambie mtu mmoja. Na wewe ambaye mumeo au mwanao amefungwa na pombe, usikate tamaa. Endelea kumwita kama mkimbiaji amwitavyo mwenzake alfajiri.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyeona njaa jangwani usigeuze mawe kuwa mkate, tuonyeshe pa kukomea. Ubariki miili hii uliyoinunua kwa thamani. Waguse wagonjwa walioko hospitalini Chogoria, Maua, Embu na kila mahali. Utuamshe kesho mapema, ututafute kabla hatujakutafuta. Amina.

Mungu awabariki. Kwaherini.