Joho Lililomkaa Upande: Lakabu na Dhihaka katika Baraza la Mfalme Arthur



Katika Le Morte Darthur, kitabu cha Thomas Malory kilichopigwa chapa na William Caxton mwaka 1485, kijana Breunor anaingia barazani amevaa joho la kitambaa cha dhahabu lililomkaa upande. Kay, msimamizi wa nyumba ya mfalme, papo hapo alimbandika lakabu ya Kifaransa: La Cote Mal Taile, yaani joho lililokatwa vibaya. Kumbe joho lile lilikuwa la marehemu baba yake, aliyekatwakatwa kwa panga akiwa usingizini, na kijana ameapa kulivaa hadi alipe kisasi.

Bahati haikumfuata. Mara kadhaa aliangushwa kutoka juu ya farasi, huku binti aliyefuatana naye, Maledisant, akimsimanga. Mordred, yule yule atakayekuja kumsaliti mfalme, ndiye aliyemtetea: kukaa imara juu ya farasi huja kwa mazoea, kwa upanga kijana huyu ni hodari.

Sasa tuyatazame majina. Maledisant ni ‘msema mabaya’. Lancelot alimgeuzia jina akamwita Bienpensant, ‘mwaza mema’. Breunor alilipa kisasi, akapewa ngome ya Pendragon, lakini Malory anaendelea kumwita kwa joho lake. Nadhani ni kwa sababu jina la binti lilitaja tabia, na tabia hugeuka; la kijana lilitaja ushahidi. Mfasiri wa Kiswahili akiliacha katika Kifaransa, msomaji atasikia mlio tu, si tusi wala kiapo. Mimi ningemwita Joho-Upande, hata wahariri wakinuna.