Jina la Kejeli Linapogeuzwa Bendera: Historia ya Pansy Division na Somo Lake kwa Watunga Kamusi



Mada ya leo huenda ikawashangaza waliozoea kusikia katika ukumbi huu habari za tenzi za Pate au za ngeli za nomino. Nakusudia kueleza historia ya bendi moja ya roki ya Marekani, kisha niulize inatufunza nini sisi tunaofasili maneno. Kiungo baina ya mambo hayo mawili ni jina.

Bendi hiyo ni Pansy Division. Iliundwa San Francisco mwaka 1991 na Jon Ginoli, mpiga gitaa na mwimbaji aliyekuwa awali katika bendi ya The Outnumbered huko Illinois, pamoja na Chris Freeman, mpiga gitaa la besi. Wote wawili ni wanaume wanaopenda wanaume, nao walitaka kuliimba jambo hilo waziwazi, kwa mzaha na furaha, katika muziki wa panki. Njia ilikwisha kufunguliwa kwa kiasi fulani: mwaka 1985, huko Toronto, G.B. Jones na Bruce LaBruce walianzisha jarida dogo la J.D.s, lililowakusanya vijana wa panki waliojiona wametengwa mara mbili, na jamii kwa jumla na wapenzi wa panki wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1991 una kumbukumbu kwetu pia. Tarehe 23 Novemba, Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alitangaza kuwa ana ukimwi. Siku iliyofuata akafariki dunia. Alikuwa mwimbaji wa roki mwenye sifa duniani kote, na bado maisha yake ya mapenzi yalibaki jambo la kudokezwa. Ginoli na Freeman, wasiojulikana na mtu, walianza pale ambapo dokezo linaishia.

Sasa tulitazame jina. Neno la kwanza ni ua dogo la bustanini, ambalo kwa Kiingereza liliazimwa kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya wazo. Katika karne ya 20 likawa tusi la kumdhihaki mwanamume aliyedhaniwa ana tabia za kike. Lakini jina zima linasikika karibu sawa na lile la divisheni za vifaru za Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili; tofauti iko mwishoni mwa neno la kwanza tu. Kwa badiliko hilo dogo la sauti, anayedharauliwa kuwa dhaifu anavishwa deraya. Ukitafsiri "Kikosi cha Maua", umepata maua, lakini umepoteza tusi na vifaru kwa pamoja.

Jina hilo lilipimwa mwaka 1994. Bendi ilikuwa imetoa albamu ya Undressed mwaka 1993 kwa kampuni ya Lookout!, na ilikuwa ikitoa ya pili, Deflowered. Green Day, waliowahi kurekodi kwa kampuni hiyohiyo na ambao albamu yao ya Dookie ilikuwa imewapa umaarufu wa ghafla, waliwachukua wawatangulie jukwaani. Baadhi ya watazamaji waliwazomea na kuwatupia vitu. Hata hivyo, tusi lililo tayari katika bango la mlangoni lina kasoro moja kwa mtukanaji: mwenyewe amekwisha litamka. Bendi iliendelea, Luis Illades alijiunga kama mpiga ngoma mwaka 1996, Ginoli akachapisha kumbukumbu zake mwaka 2009, na albamu ya Quite Contrary ikatoka mwaka 2016.

Katika Kiswahili tunazijua njia mbili za kuliponya neno linaloumiza. Ya kwanza ni kulibadili. Kutoka kilema tulikwenda kwa mlemavu, na baadaye mtu mwenye ulemavu: aliyewekwa katika ngeli ya vitu alirejeshwa katika ngeli ya watu. Njia ya pili ni kulitwaa. Machinga lilitamkwa kwa dharau, na leo wachuuzi wenyewe wanalitumia katika jina la shirikisho lao. Pansy Division walichagua njia hii ya pili.

Kwa watu tunaowazungumzia leo, hali yetu ni ngumu zaidi. Shoga, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi, limegeuzwa kuwa neno la kumwaibisha mwanamume. Hanithi na msenge mara nyingi hutamkwa kwa kukusudia kuumiza. "Mpenzi wa jinsia moja" ni maelezo zaidi kuliko jina. Nchini Uganda, wenyewe wamejichagulia kuchu. Mtunga kamusi anayeandika matusi yote na kuliacha neno waliloliteua wenye jina ameandika nusu ya lugha, tena nusu ya upande mmoja.

Najua kwamba sheria za nchi zetu kadhaa zinaadhibu mahusiano haya, na kwamba wengi ukumbini humu wana msimamo wa dini juu yake. Simwombi mtu auache msimamo wake. Kazi ya kamusi ni kusema neno linatumiwa na nani, kwa nani, na kwa nia gani. Alama ndogo ya "tusi" kando ya kidahizo haimhukumu wala kumtetea mtu. Inamwambia tu mwanafunzi, karani au mwandishi wa habari kwamba neno hili likitamkwa linaumiza. Palipo na sheria kali, mwandishi anayelidhania tusi kuwa jina la kawaida anaweza kumtia mtu hatarini.

Basi nawaachia vijana wetu wa uzamili swali la utafiti: katika kila kidahizo kinachotaja kundi la watu, tumewahi kuwauliza wao wanajiitaje?