Gari Lililojua Saa ya Kupimwa

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe wote, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichikana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na ahali zake na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa Mafiga, nanyi wasikilizaji mlioko majumbani, mashambani na safarini, twakuusieni, na kwanza twaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo twapenda kuzungumza juu ya mambo mawili ambayo watu huyaona kuwa mbalimbali, nayo ni ya ukoo mmoja: udanganyifu katika vipimo, na maisha ya kukopa kwa ajili ya fahari.

Mwezi wa Septemba mwaka 2015, idara ya serikali ya Marekani yenye kulinda mazingira ilitangaza kwamba kampuni ya magari ya Volkswagen ya Ujerumani imevunja sheria ya hewa safi. Kampuni hiyo ilikuwa ikiuza magari ya dizeli na kuyasifu kuwa ni safi. Kumbe ndani ya kompyuta ya gari iliwekwa programu yenye kutambua kwamba gari limo katika chumba cha kupimiwa. Katika chumba hicho magurudumu huzunguka mahali pamoja, usukani haukatwi kulia wala kushoto, na mwendo hufuata utaratibu maalumu. Programu ikiziona dalili hizo, huiamuru mitambo ya kusafisha moshi ifanye kazi kwa ukamilifu. Gari likitoka barabarani, kazi hiyo hupunguzwa, na gesi za naitrojeni zikatoka hata kufikia mara 40 ya kiasi kilichoruhusiwa huko Marekani. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba magari yenye programu hiyo yalikuwa kiasi cha milioni 11 duniani.

Jambo hili lilianza kujulikana vipi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia hawakutosheka na chumba cha kupimia. Walivifunga vyombo vya kupimia katika gari lenyewe, wakaliendesha katika barabara wanazopita watu, hata wakasafiri nalo kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi. Barabara ikasema lile ambalo chumba kilificha. Mkurugenzi mkuu wa kampuni alijiuzulu siku chache baada ya tangazo lile la 2015. Mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani, na hasara yake, kwa faini, fidia na gharama nyingine, imepita yuro bilioni 30.

Wala msidhani kwamba hasara hiyo ilikuwa ya fedha tu. Gesi hizo huyadhuru mapafu, na humzidishia taabu mtoto mwenye pumu na mzee mwenye kifua kibovu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutaja moshi wa dizeli kuwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa wanadamu. Basi aliyeighushi hesabu ya moshi aliighushi pumzi ya jirani yake.

Ndugu Waislamu, habari hii ni mpya kwa kompyuta yake, lakini asili yake ni kongwe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akakuta chungu ya nafaka. Akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakutana na umajimaji. Akamwuliza mwenye nafaka, naye akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamkemea kwa kutoiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Angalieni, ndugu zetu: Mtume hakuhukumu kwa kutazama juu ya chungu. Aliingiza mkono. Na Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wale wanaopunja vipimo, ambao wakipimiwa hutaka kamili na wakiwapimia wenzao hupunguza.

Sasa tusiicheke Ujerumani, tukajisahau. Mji wetu wa Morogoro umekaa penye njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma, na kwenda Iringa hadi Zambia. Moshi wa njia hiyo twauvuta sote, chini ya milima ya Uluguru ambayo Mwenyezi Mungu aliivika misitu na kuichimbua chemchemi. Je, sisi hatuyajui ya kwetu? Yapo magari ambayo masega yake, yaani kile kichujio cha moshi, yameng'olewa na kuuzwa kwa sababu ya madini ya thamani yaliyomo, kisha likafungwa bomba tupu na gari likauzwa kwa mtu asiyejua. Yapo magari ambayo kilomita zake zimerudishwa nyuma katika dashibodi, mzee akafanywa kijana. Na nani katika nchi hii asiyelijua neno kuchakachua? Watu walichanganya mafuta ya taa katika dizeli na petroli hata mamlaka ya nishati, EWURA, ikalazimika mwaka 2010 kuanza kutia vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya uovu huo iondoke. Maskini mwenye kibatari, ambaye hakuchanganya chochote, akalipa bei ya dhambi ya mwingine.

Na tuzidi kuingiza mkono ndani ya chungu, tuzifikie nafsi zetu. Gari lile lilijua saa ya kupimwa. Nasi je? Siku ya Ijumaa twavaa kanzu nyeupe, twajipaka mafuta mazuri, twainamisha vichwa kwa unyenyekevu. Hapo tumo katika chumba cha kupimiwa. Jumatatu twatoka barabarani: dukani, gereji, ofisini, katika daladala. Malaika wenye kuandika hawatungoji msikitini; wamefungwa pamoja nasi safarini, kama vile vyombo vya wale watafiti. Hapana programu itakayowatambua ili tujitengeneze.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, sasa tuingie katika jambo la pili. Mtume alikuwa akiomba katika sala yake alindwe na dhambi na deni. Aliulizwa kwa nini analikimbilia sana hilo la deni. Akaeleza kwamba mtu akielemewa na deni huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Hapo ndipo mambo yetu mawili yanapokutana. Deni la fahari ni gari jingine lenye moshi uliofichwa: kwa nje pana shangwe, ndani pana moto.

Huko Marekani deni limekuwa ndiyo desturi ya maisha. Kufikia mwaka 2024 madeni ya wananchi kwa ajili ya magari peke yake yalikuwa yamepita dola bilioni 1,600. Lakini twende kwetu. Watanzania, kwa uchungu wao, wameipa mikopo ya aina fulani jina la kausha damu. Anayeipa jina hilo ni yule aliyekaushwa. Mkopo hutolewa kwa saa moja, marejesho hudaiwa kila wiki au kila siku, na riba hupanda kama maji ya mto wakati wa masika. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu kwa njia ya simu bila leseni.

Yupo mama yetu mmoja katika mtaa huu, nasi twamsitiri. Alikuwa mshonaji, akiwalea watoto wake kwa cherehani. Binti yake alipoposwa, watu walimwuliza: ukumbi gani? sare gani? magari mangapi katika msafara? Akaona haya kusema kwamba uwezo wake ni pilau ya uani na dua ya wazee. Akakopa. Kisha akakopa mahali pa pili ili alipe pa kwanza, na mara ya tatu akakopa katika simu. Arusi ilipita kwa siku moja, marejesho yakabaki. Akaacha kuja darasani, akatuambia anaumwa, kumbe alikuwa akiwakimbia wadai. Mlango ukibishwa, watoto hufundishwa kusema mama hayupo. Siku moja simu zetu zikaingia ujumbe, sisi na watu wengine wote waliokuwa katika orodha ya simu yake, kwamba mama huyu ni mdaiwa sugu. Wiki iliyofuata walikuja wakachukua friji, wakachukua kochi, na wakachukua cherehani.

Ndugu zetu, wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Lakini leo twataka kuungama jambo. Pilau ya arusi ile tuliila sisi. Tuliisifu. Baadhi yetu tulikwenda nyumbani tukawaambia wake zetu kwamba arusi ndiyo hiyo. Hatukumwuliza mama yule fedha imetoka wapi, na ile siku alipotuambia anaumwa, hatukwenda kumtazama. Dhambi ya riba haitupi ruhusa ya kumcheka aliyeangukia humo, ikiwa macho yetu ndiyo yaliyomsukuma.

Na jambo la deni si dogo mbele ya Mwenyezi Mungu. Hata shahidi, aliyeitoa roho yake katika njia ya Mwenyezi Mungu, husamehewa yote isipokuwa deni. Lilipoletwa jeneza la mtu aliyekufa na dinari chache za watu bila kuacha cha kulipia, Mtume aliwaambia masahaba wamsalie wao. Abu Qatada akasimama akasema deni lile ni juu yake. Ndipo Mtume akamsalia. Tuyazingatie yote mawili: uzito wa deni, na uungwana wa Abu Qatada. Baadaye, Mwenyezi Mungu alipomfungulia riziki, Mtume mwenyewe alizibeba deni za Waumini waliokufa bila uwezo.

Basi yatupasa nini? Wewe fundi na wewe muuza magari, mwambie mnunuzi aibu ya gari kabla hajatoa fedha. Faida iliyopungua kwa ukweli ina baraka kuliko iliyozidi kwa hila. Wewe unayetaka kukopa, ukope kwa haja, na kwa kiasi unachoweza kukilipa, wala usikope ili uonekane. Liandike deni na uweke mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, katika aya iliyo ndefu kupita zote za Qurani. Wewe unayekopesha kwa riba, na hasa ikiwa ni Mwislamu, jua ya kwamba umetangaza vita usivyoviweza. Rudi kwenye rasilimali yako, na aliye katika dhiki mpe muda, au msamehe, na hilo ni bora kwako. Enyi vijana, akina mama, na ndugu wenye ulemavu, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii: sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vyenu. Nanyi wazazi wa maarusi, punguzeni mahari na karamu, mwasaidie vijana waanze maisha bila mnyororo.

Twasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, mtaa wetu waitwa Mafiga, na kila mmoja wetu aliyelelewa jikoni ajua kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Uaminifu ni figa la kwanza, kiasi katika matumizi ni la pili. Mtu mmoja peke yake aweza kuyaweka hayo mawili. Lakini la tatu, ambalo ni kusaidiana, huwekwa na jirani zake, na bila hilo chungu hupinduka. Mwenyezi Mungu amewataja wenye kuelemewa na madeni miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka. Kwa hiyo, baada ya sala, pale mlangoni pamewekwa sanduku. Cherehani ya mama yetu bado haijarudi. Tulioila pilau tutangulie kutoa. Nanyi wasikilizaji wa miji mingine, angalieni katika mitaa yenu: ni mlango gani ambao watoto wake hufundishwa kusema mama hayupo?

Ewe Mola wetu, twajikinga Kwako na dhambi na deni. Tutosheleze na halali Yako, tusiihitaji haramu. Yafanye ya ndani yetu kuwa bora kuliko ya nje yetu. Walipie wenye madeni, waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, waongoze viongozi wetu katika haki, na uihifadhi nchi yetu, hewa yake na maji yake. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mwenyezi Mungu, naye atakukumbukeni. Simameni tusali.