Kuchagua na Kuridhika

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeombwa niseme machache kabla hatujakata shauri juu ya kiwanja cha Chama. Sitasema kipi kinunuliwe. Nitasema jinsi mtu achaguavyo, na kwa nini mwingine hupata kizuri asiridhike nacho.

Wazee walinena, mchagua nazi hupata koroma. Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, Herbert Simon, alieleza jambo lililo karibu na hilo: kwamba kiumbe hawezi kupima kila njia iliyopo, basi hujiwekea kiasi kinachomtosha, na apatapo kilichofikia kiasi hicho hukichukua. Waliomfuata wakatofautisha mwenye kutafuta kinachofaa na mwenye kutafuta kipitacho vyote. Mwaka 2006 Sheena Iyengar na wenzake wawili walitangaza habari za wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakimaliza masomo na kutafuta kazi. Wale wa namna ya pili walipata mishahara iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 20, lakini waliridhika kidogo kuliko wenzao, kwa kuwa mawazo yao yalikuwa kwenye kazi nyingine na maneno ya watu.

Mimi sina haki ya kuwacheka. Nilipotaka kumjengea mama nyumba, niliona kiwanja chenye maji na njia, nikakikataa. Nilipima kwa macho ya majirani, wala si kwa haja ya mama. Misimu miwili ya mvua ikapita, naye akilala chini ya paa livujalo. Nilichonunua mwishoni ni kizuri zaidi. Hata hivyo, kila nipitapo pale pa kwanza moyo huniuma.

Sisemi tuchague kwa pupa, maana haraka haraka haina baraka. Naomba mambo matatu. Kwanza, tujiulize nia yetu: twatafuta mahali pa kukutana na kuwafariji wafiwa, ama twashindana na chama kingine? Pili, tuandike leo kiasi kinachotutosha: bei, maji, na hati halali. Tatu, tukishakata shauri, tusirudi kuvihesabu tulivyoviacha.

Fedha hizi ni michango ya watu wa mishahara midogo. Tusizinunulie majuto.