Franka za soko zitengeneze kalasi: neno letu juu ya watoto wanaoacha masomo vijijini



Wengi wetu hapa mujini tumetoka vijijini, ao wazazi wetu walitoka kule. Tunajua namna mutoto anaacha masomo. Haamuke asubui moja na kusema: "Nimeacha." Anakosa siku ya soko, juu amebeba mihogo. Anakosa wakati wa mavuno. Mvua inanyesha, mabati ya kalasi imetoboka, wanarudishwa nyumbani. Kisha mama anaombwa franka za mwalimu asiyelipwa na Serikali. Hana. Musichana anaolewa, kijana anaenda ku machimbo.

Katiba, kifungu cha 43, inasema masomo ya musingi ya Serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu 2019 tunaimbiwa bure. Lakini bure bila kalasi na bila mushahara wa mwalimu ni maneno tu.

Tunapiga kelele kuelekea Kinshasa, na ni haki yetu. Lakini kuko mulango wa karibu wenye hatubishe: cheferi na sekta. Sheria ya 2008 inawapatia kazi ya kujenga na kutengeneza majengo ya masomo. Watatuambia hawana feza. Ni kweli, sehemu yao ya 40% katika feza zinazotumwa ku provinsi haiwafikie inavyostahili, na hiyo pia tunaidai. Lakini kila siku ya soko, mama mwenye mafungu tano ya sombe analipa kodi. Mwenye pikipiki analipa ku baryeri. Hizo zinaenda wapi? Washauri wa kuchunguza bajeti ya cheferi, hatujawahi kuwachagua. Basi tuulize sisi.

Tunaomba mambo tatu:

1. Bajeti ya cheferi ibandikwe ku soko, raia waisome.
2. Sehemu inayojulikana ya kodi ya soko itengeneze kalasi, kila mwaka.
3. Chifu wa kijiji na mukubwa wa masomo waandike majina ya watoto walioacha, kisha wafike kwa wazazi mbele mwaka haujaisha.

Wewe mwenye kwenda likizo kijijini, andika barua, ipeleke ku ofisi ya cheferi, ubaki na kopi yenye kupigwa muhuri. Mwami ni muzazi wetu. Kumuuliza juu ya watoto wake si kumukosea heshima.