Dawa Bure, Njia kwa Fedha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mkokotoni)



Tumekuja Mkokotoni kuzungumza juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulificha: maradhi ya saratani, na ufukara unaoyafuata.

Kwa miaka mingi tunaambiwa kwamba matibabu Visiwani ni bure. Hatukatai kwamba neno hilo limewafaa wengi. Lakini saratani haitibiwi kwa neno. Mgonjwa wa Unguja anayehitaji mionzi amekuwa akivushwa bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi hiyo aghlabu hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma matano au zaidi. Mgonjwa hulala chini ya mashine dakika chache tu. Chakula, malazi na nauli ya siku zote hizo aghlabu huwa juu yake na jamaa zake.

Mtazameni mama wa Tumbatu, mkulima wa mwani au mchuuzi wa samaki. Kabla hajaiona boti ya Dar es Salaam ameshapanda mashua kuja hapa Mkokotoni, kisha gari kwenda mjini. Hawezi kwenda peke yake. Hufuatana na dada yake au binti yake, naye huyo ameacha kazi. Nauli basi ni mbili kila mahali. Wakifika, hufikia kwa jamaa aliyepanga chumba kimoja, na juma la tatu mgeni hujiona mzigo hata kama hakuna aliyetamka. Huku nyuma mume ameuza mbuzi, kisha vipuli vya harusi, kisha nyavu. Hapo kwenye nyavu ndipo nyumba inapovunjika: mbuzi hununuliwa tena, lakini mvuvi asiye na nyavu atazinunua kwa samaki gani?

Wapo wanaorudi katikati ya matibabu kwa kukosa fedha. Watu huwaita wakaidi, sisi hatuthubutu. Na hasara yake ni kubwa, maana mionzi ikikatizwa, uvimbe hupata nafasi ya kukua tena, na siku zilizokwisha gharimiwa hupungua faida. Wengine hawaendi kabisa mpaka maumivu yamewazidi, na hapo tiba imeshakuwa ngumu.

Mwaka 2013 madaktari wa Marekani, nchi yenye mali nyingi, waliiandika dhiki hii kwa jina la sumu ya fedha, wakaihesabu pamoja na madhara ya dawa, kama kutapika na kunyonyoka nywele. Jina ni geni, jambo si geni hapa. Mgonjwa anayepunguza mlo ili binti yake apate nauli, anayeficha maumivu ili asinunuliwe dawa, huyo anaumwa maradhi mawili, na daktari ameandika moja.

Mwaka 2023 ulianzishwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ukaanza na watumishi wa Serikali. Ni mwanzo, lakini mvuvi na mkulima wa mwani hawana mshahara wa kukatwa. Kadhalika Serikali imetangaza nia ya kuwa na hospitali ya saratani hapa Unguja. Tunaikaribisha nia hiyo, na tutauliza kila mwaka imefika wapi. Lakini mgonjwa wa leo hawezi kungoja matofali. Tunataka nauli ya mgonjwa na ya anayemuuguza ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Malazi ya Dar es Salaam yasiachwe juu ya jamaa. Na dawa za maumivu makali, khasa mofini, zipatikane mashamba, si mjini pekee.

Ili tusiambiwe kwamba tunazua, kila tawi lifungue daftari. Iandikwe shehia, safari ngapi, siku ngapi, fedha kiasi gani na kilichouzwa. Jina la mgonjwa lisiandikwe. Makatibu wa Mkokotoni na Tumbatu wataanza, na daftari zao tutazisoma katika mkutano ujao.