Usiku wa Kaskazi: Joto la Mwanzo wa Kiangazi na Bustani za Pwani

Nitaanza na ninachodai, ili atakayesinzia asikose kitu. Nadai kwamba kinachomwangusha mkulima wa bustani wa pwani yetu mwezi Desemba na Januari si lile jua la mchana analolilalamikia kila siku, bali ni joto la usiku, ambalo hakuna anayejisumbua kulipima. Jua la mchana lina dawa zake: maji, kivuli, matandazo. Usiku wa kaskazi hauna dawa ambayo mkulima mdogo anaimudu. Kilichobaki ni kuchagua zao lisiloujali.

Ninaposema pwani nakusudia ukanda wa kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, pamoja na Unguja. Wenzetu wa Mombasa watajiona humo pia. Mvua za vuli huanza Oktoba na kwa kawaida hukatika Desemba. Ukanda wa mvua hulifuata jua kuelekea kusini, na wakati sisi tunaanza kugombania maji ya kisima, Songea na Mbeya wako katikati ya msimu wao wa mvua. Pepo zinageuka, kaskazi inavuma, hewa inakuwa nzito. Wazee wa pwani hawakuhesabu majira haya kwa mwezi mwandamo, kwani kalenda ya mwezi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na aliyeitegemea angejikuta anapanda mbegu kiangazi. Walihesabu kwa jua, kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, katika mafungu ya siku kumi kumi yaliyoitwa miongo. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaosherehekewa Julai, unatokana na hesabu hiyo. Wageni huenda kutazama vijana wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto, nao hufurahi. Ila hesabu ile ilikuwa ya kazi, ya nahodha na ya mkulima.

Sasa tuingie kwenye tuta lenyewe. Chukua tuta la mita moja kwa mita kumi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, na hesabu nyingine zote zinatoka hapo. Mwezi Januari, bustani ya pwani ambayo majani yake yameshafunika ardhi hupoteza kati ya milimita 5 na 6 kwa siku, sehemu kupitia majani na sehemu kupitia udongo. Tuta letu basi linadai lita 50 hadi 60 kila siku, yaani madumu matatu ya lita 20 au pungufu kidogo. Anayemwaga dumu moja asubuhi, akaona udongo umekuwa mweusi, akaridhika, huyo hajamwagilia. Ameunawisha uso. Chomeka panga kwenye tuta hilo, lisukume pembeni, utazame: utaona mstari wa unyevu umeishia sentimita tatu au nne, na chini yake mchanga mkavu unaoporomoka wenyewe.

Mchanga wa Dar es Salaam una tabia yake. Mita nzima ya kina cha udongo wa aina hiyo huweka takriban milimita 80 za maji yanayofaa kwa mmea. Mizizi ya mchicha haifiki mita nzima. Tukadirie sentimita 25, ambazo ni milimita 20 za akiba. Nusu yake mmea huinywa bila shida, nusu ya pili huinywa kwa kuteseka. Kwa hiyo akiba ya kweli ni milimita 10, na kwa matumizi ya milimita 5 kwa siku, ni siku mbili tu. Ndiyo maana mkulima wa mchangani hawezi kusafiri kwenda kwenye harusi Tanga akarudi Jumatatu akakuta mboga zake salama, na mwenzake wa udongo wa mfinyanzi anaweza. Uvivu au bidii havihusiki.

Kanuni za kuyalinda maji hayo mnazijua, nitazipita haraka. Masika tunainua matuta ili maji yatoke. Kaskazi tufanye kinyume, tuta lizame liwe jaruba lenye kingo, maji yasikimbie. Matandazo ya nyasi kavu au pumba za mpunga yawekwe udongo ukiwa tayari umelowa, maana ukifunika ukavu unaulinda ukavu. Mwagilia alfajiri au jioni, kwa sababu mchana sehemu ya maji yako hupotea hewani kabla ya kufika mzizini. Ile hadithi ya kwamba tone la maji hugeuka lenzi na kuunguza jani haina mashiko kwa jani laini kama la mchicha. Kingo za majani zikigeuka kahawia mwezi Januari, onja kwanza maji ya kisima. Karibu na bahari, maji ya chini yakipungua, chumvi husogea ndani, na maji ya aina hiyo ukiyamwaga juu ya majani kila siku yatayaunguza kweli. Yapeleke kwenye shina.

Kuhusu kivuli nitakawia kidogo, maana hapo naona watu wakitupa makuti yao bure. Kuanzia takriban tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la saa sita mchana hapa Dar es Salaam linapita upande wa kusini. Hata linapofika mbali kabisa, Desemba, linakuwa nyuzi 17 tu kutoka utosini. Ukuta wa mita mbili saa hiyo hutoa kivuli cha sentimita 60, kisichotosha hata nusu ya kitalu. Kwa hiyo kizuizi cha kusimama upande wa kusini hakikupi kitu. Kinachohitajika ni paa, kichanja cha makuti yaliyopangwa nafasi nafasi, na kama makuti yamebaki, yasimamishwe upande wa magharibi, linakotokea jua la saa tisa na saa kumi. Miche ikikaribia kuhamishwa, punguza makuti kidogo kidogo kila siku chache, la sivyo mche uliolelewa gizani utababuka siku ya kwanza. Na kwa wanaopenda kujua: dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, takriban kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Tofauti hiyo ndogo hutuongezea karibu asilimia 7 ya nguvu ya jua ikilinganishwa na Julai. Si sababu kubwa ya joto letu, ila haiko upande wetu.

Hayo yote ni mchana. Turudi kwenye dai langu.

Dar es Salaam, joto la juu la mchana mwezi Januari ni takriban nyuzijoto 32, na Julai ni 29. Tofauti ni nyuzi tatu, kitu ambacho hakimnyimi usingizi mtu aliyezoea hapa. Tazama usiku: Julai joto hushuka hadi 18 au 19, Januari huishia 24 au 25. Tofauti ya usiku ni maradufu ya ile ya mchana. Sababu ni bahari. Maji ya Bahari ya Hindi yaliyo mbele yetu hupata joto hadi Machi, hewa inajaa unyevu, na unyevu huo huizuia ardhi kulitoa joto lake kwenda angani usiku. Mtu wa Dodoma anaweza kuungua mchana kisha akajifunika blanketi. Mtu wa Kigamboni halijui blanketi Januari.

Mnyanya unaujua usiku huo vizuri kuliko sisi. Mchana hutengeneza sukari, usiku huipumua. Usiku ukiwa na joto, upumuaji unaongezeka, sukari inaishia hapo hapo, na chavua inayoandaliwa ndani ya kichipukizi cha ua siku kadhaa kabla halijachanua inakosa chakula. Usiku ukipita nyuzijoto 21 uzazi wa ua unaanza kudorora, na ukikaribia 25 kwa aina nyingi za nyanya maua hudondoka kwa wingi. Litazame ua linalodondoka: kwenye kikonyo chake kuna kifundo kidogo kama goti. Kifundo hicho hugeuka njano kwanza, kisha ukiligusa ua kwa kidole linabaki mkononi, petali zake zikiwa bado nzima. Hapo mkulima hukimbilia maji, akiongeza madumu, au hukimbilia duka la pembejeo kununua mbolea ya majani. Maji hayakupungua. Mbolea haikupungua. Ni chavua iliyokufa wiki iliyopita, usiku, sisi tumelala.

Hata matunda machache yanayoshika hayatulipi vizuri. Ile rangi nyekundu ya nyanya hukwama kutengenezwa joto likizidi takriban nyuzijoto 30, hivyo tunda linaiva likiwa la chungwachungwa, na mama wa sokoni analisukuma pembeni. Ndiyo maana nyanya nzuri za Januari katika masoko yetu hushuka kutoka milimani: Lushoto, Mgeta, Ilula. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua takriban nyuzi 6. Lushoto iko karibu mita 1,400, fanyeni hesabu ya usiku wake. Bei ya Krismasi na Mwaka Mpya inayomvuta mkulima wa bonde la pwani kuhamisha miche Oktoba imepanda kwa sehemu kwa sababu hiyo hiyo: pwani haizai. Anaotea soko ambalo limekuwa zuri kwa kukosekana kwa watu wa mfano wake. Kituo cha utafiti wa mboga kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971, ambacho sasa kina ofisi Arusha, kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuzalisha nyanya zinazostahimili joto, na mbegu za namna hiyo zinasaidia. Zinasogeza mpaka, hazifuti usiku.

Wadudu nao wanafuata hesabu ya joto. Kantangaze, yule nondo aliyetoka Amerika Kusini na kuingia kwetu mwaka 2014, huchukua takriban siku 76 kutoka yai hadi nondo kwenye nyuzijoto 14. Kwenye 27 huchukua kama siku 24. Kwa muda ule ule, mkulima wa ubaridi huo anapambana na kizazi kimoja, wa pwani na vitatu. Inzi weupe huongezeka, nao ndio wanaosambaza ule ugonjwa wa kukunja majani ambao wakulima wameupa jina la rasta. Kwenye bustani za kando ya barabara za vumbi, utitiri mwekundu: kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe, na vumbi litakaloanza kutembea ndilo lenyewe. Ugonjwa wa bakajani chelewa, tukiri, hupumzika, maana unataka ubaridi na unyevu wa mvua.

Nini kipandwe basi? Mchicha. Unanasa hewa ukaa kwa njia ile ile ya mahindi, mtama na muwa, hivyo jua kali kwake ni mtaji, na jani linauzwa bila kusubiri ua. Matembele vivyo hivyo. Bamia na kunde huzaa kwenye joto hili bila kelele. Pakiti za mbegu kutoka Ulaya zinazoagiza kupanda mwanzo wa kiangazi msizifuate kwa upofu: kiangazi cha London kina mchana wa zaidi ya saa 16, chetu hakizidi sana saa 12 na nusu. Kitunguu cha aina ya kule kitawapa majani marefu ya kupendeza na hakitafunga, kwa kuwa kinasubiri mchana mrefu ambao hapa hauji kamwe. Chukueni aina za mchana mfupi kama Red Bombay.

Neno kuhusu utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za msimu kwa madaraja matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Ni kazi nzuri, lakini daraja hilo ni la jumla ya msimu mzima, na tuta letu la mchanga lina akiba ya siku mbili. Desemba 2011 mvua za siku chache ziliifurisha Dar es Salaam na kuua watu. Kwenye jumla ya msimu, maji hayo yanahesabika sawa na yale ambayo yangenyesha taratibu. Kwa mkulima wa bustani, taarifa ya siku tano na ya siku kumi ina thamani zaidi kuliko ya miezi mitatu. Ningependa taarifa hizo zitaje joto la chini la usiku kwa sauti ile ile zinayotajia mvua.

Nyanya, basi, ni zao la kusi, majira ya ubaridi. Mbegu iingie kitaluni Aprili chini ya paa la nailoni, kwa kuwa mvua ya masika huleta kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche; miche ihamishwe Mei, maua yaje Juni na Julai, usiku ukiwa umepoa. Na lile eneo litakalopokea nyanya, kaskazi ina kazi nalo sasa hivi. Mwaka 1976 Jaakov Katan na wenzake huko Israeli walichapisha njia ya kusafisha udongo kwa jua: lowesha ardhi hadi chini, ifunike kwa nailoni angavu, si nyeusi, zika kingo zote zisipitishe hewa, uache wiki nne hadi sita za joto kali. Sehemu kubwa ya vimelea vya kinyausi, mbegu za magugu na minyoo fundo ya tabaka la juu hufa. Anza katikati ya Januari, ondoa nailoni kabla ya mvua za Machi. Wakati wa kupanda usichimbe chini ya sentimita kumi, maana huko joto halikufika vya kutosha na minyoo iko hai. Ukiupindua udongo ule kwa jembe utaileta juu mwenyewe.